Namna ya Kupanga Hopsi Vitshumbi Bila Kuuchoma Msitu

Umeamua kupika bia kali nyumbani, Vitshumbi, ukingoni mwa Ziwa Edward. Unataka pale ale ya rangi ya dhahabu, kilevi karibu asilimia 7, uchungu uliosimama wima, na harufu ya balungi inayomfikia jirani kabla chupa haijamfikia. Hongera. Hatua ya kwanza: chukua ile karatasi ya maelekezo iliyoandikwa Oregon, ikunje mara nne, uiingize chini ya mguu wa meza unaotikisika. Itafanya kazi nzuri pale. Aliyeiandika hakusema uongo. Aliandikia mtu mwenye gesi, friji ya kutunzia hopsi na maji matamu ya bomba. Wewe una jiko la babula, gunia la makaa, ziwa lenye magadi na jua la saa sita. Mpango wako wa hopsi lazima uandikwe upya, tena uandikwe kuanzia mwisho.

Nasema kuanzia mwisho kwa sababu hopsi inakupa vitu viwili unavyovitaka, uchungu na harufu, na bei zake hazifanani. Uchungu hununuliwa kwa moto: hopsi inapotokota, asidi zake za alfa hugeuka umbo, huyeyuka katika maji ya kimea, na ulimi unazikuta huko. Harufu hununuliwa kwa kukwepa moto, maana mafuta yake mepesi hupaa na mvuke. Mpishi wa mbali huanza na uchungu kwa kuwa dakika zake za moto hazimuumizi. Za Vitshumbi zinauma, na anayezilipia si wewe peke yako.

Tazama mahali ulipo. Vitshumbi ni kimoja kati ya vijiji vitatu vya uvuvi vinavyoruhusiwa upande wa Kongo wa ziwa hili. Vingine ni Kyavinyonge na Nyakakoma. Kijiji chote kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1979. Na ni misitu ya hifadhi hiyohiyo ambayo kwa miaka mingi imegeuzwa makaa ya kupikia mjini Goma. Julai 2007 gorila wa familia ya Rugendo walipigwa risasi, dume mkubwa Senkwekwe akiwa miongoni mwao, na uchunguzi ukaelekea kwenye biashara ya makaa. Mwaka huohuo WWF ilianzisha mradi wa EcoMakala, wa kuwapandisha wakulima miti mashambani mwao ili makaa yatoke kwenye mkalitusi na si kwenye msitu wa Nyamulagira.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya hopsi, nenda kwa mama muuza makaa. Msalimie vizuri, ulizia watoto, ndipo useme: “Mama, hii makala inatoka wapi?” Akikujibu, “Ya kalitusi, papa, ya shamba,” nunua hapo, na kama bei yake imezidi kidogo, lipa. Akiangalia pembeni na kuanza kuzungumzia mvua, umeshapata jibu. Mtu anayeweza kutofautisha aina kumi za hopsi kwa kunusa hana udhuru wa kutojua moto wake umetoka mti gani.

Sasa hesabu, na hapa usiharakishe. Ziwa Edward liko zaidi kidogo ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho maji hutokota kwenye nyuzi 97 hivi, si 100. Nyuzi tatu zinaonekana si kitu, lakini kugeuka kwa asidi za alfa kunategemea sana joto: kwenye nyuzi 97 kasi yake hupungua kwa karibu robo. Goma, iliyo karibu mita 1,500, maji hutokota kwenye nyuzi 95 na kasi hupungua kwa theluthi nzima. Ndiyo maana mpishi wa Goma anayefuata dakika 60 za mpishi wa Mombasa hupata bia iliyopooza, kisha anamlaumu aliyemuuzia hopsi.

Dawa inayoandikwa kila mahali ni kurefusha muda. Saa moja ya Mombasa ingekudai dakika 78 Vitshumbi, na zaidi ya 90 Goma. Usiinywe dawa hiyo. Uchungu hautoki sawasawa kila dakika. Mwingi hutoka mapema, halafu unakuwa wa kudondoka. Hapo Vitshumbi dakika 40 za kwanza hukupa zaidi ya asilimia 80 ya kile ambacho dakika 60 zingekupa. Zile 20 za mwisho zinakula makaa kama za kwanza na kurudisha kidogo sana. Ongeza gramu, punguza dakika. Gramu 10 za hopsi zinatoshea kiganjani, na hakuna mti uliokatwa Virunga kwa ajili yake.

Tuseme unataka lita 20. Kimea chako cha shayiri kimekupa maji yenye uzito wa 1.065 kwenye haidromita, na hamira itayashusha hadi 1.013 au karibu. Hapo kilevi kitakuwa asilimia 6.8. Kwa uchungu tumia hopsi yenye alfa nyingi, kwa mfano Magnum ya Ujerumani, alfa asilimia 13. Tia gramu 40, kwa dakika 40. Zidisha 40 kwa 13, zidisha kwa 10, gawanya kwa lita 20: miligramu 260 za alfa katika kila lita. Kwa uzito huo wa maji ya kimea na joto hilo la kutokota, zitakazogeuka na kubaki ni kama asilimia 15 au 16. Unabaki na vizio 40 vya uchungu. Gramu 40, dakika 40, uchungu 40: hesabu hii hata mpishi aliyekwisha onja chupa tatu za mpishi mwenzake anaweza kuishika.

Sharti moja. Ukifupisha muda wa kutokota, chagua kimea cha shayiri kilichokaushwa kwa moto wa kutosha, kile cha pale ale chenyewe, usichukue kile cheupe sana cha bia za pilsner. Kimea cheupe kina kitu kinachogeuka harufu ya mahindi ya kuchemsha, na kinahitaji muda mrefu zaidi wa mvuke ili kitoke. Na sufuria ibaki wazi. Mama mkwe akija na mfuniko kwa nia njema ya kuokoa makaa, mshukuru, umpe kiti, uuweke mfuniko mbali.

Je, ile nyongeza ya katikati, ya dakika 15 au 20 kabla ya kuzima moto, ambayo kila karatasi inaitaja kwa heshima? Ifute. Hopsi inayotiwa hapo imechelewa kutoa uchungu wa maana na imewahi mno kubaki na harufu. Aliye na gunia zima la hopsi ghalani anaweza kuimwaga hapo ili sufuria ionekane inashughulikiwa. Wewe hopsi zako zimesafiri.

Zimesafiri kweli. Usipoteze muda kupanda mche nyuma ya nyumba, maana hopsi hutaka siku ndefu za kiangazi ili itoe maua, na baridi ili ipumzike. Hustawi vizuri kati ya digrii 35 na 55 za latitudo. Vitshumbi iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta na mchana wake ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Mche utapanda, utatanda, utakupa kivuli. Hata Afrika Kusini, ambako hopsi hulimwa kule George, iliwabidi watafiti wazalishe aina zao wenyewe zinazokubali siku fupi. Kwa hiyo hopsi yako itaagizwa. Tangu waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wa ndege wa mji kufungwa, hesabu safari za barabarani, mipaka, magari yanayosubiri juani na mizigo inayolala njiani.

Katika safari ya namna hiyo hopsi hazistahimili sawa. Magnum ikikaa miezi 6 kwenye nyuzi 20 hubaki na zaidi ya asilimia 80 ya alfa yake. Cascade, ile ya harufu ya balungi iliyotolewa Marekani mwaka 1972 na ambayo wapishi wa kiwanda cha Sierra Nevada waliipa dunia nzima kuanzia 1980, kwa muda na joto hilohilo hubaki na karibu nusu tu. Basi Magnum nunua mapema, hata ya mwaka mzima. Cascade iwe kitu cha mwisho kununuliwa, iwe ya vidonge na si maua, katika mfuko uliotolewa hewa, na iagizwe siku kimea na maji vikiwa tayari vinakusubiri. Ukipata nafasi katika kasha la barafu la wachuuzi wa samaki wanaorudi na makasha matupu, funga mfuko mara mbili na uombe. Samaki na hopsi ni marafiki mezani. Safarini watenganishe kabisa.

Ukiwa unahangaikia mzigo huo utakutana na mama wa kasiksi, ile pombe ya ndizi, naye atakuuliza unahangaika na nini. Ana haki ya kuuliza. Yeye ndizi zake huiva, hukamuliwa, juisi inatiwa unga wa mtama uliokaangwa, na baada ya siku moja hadi tatu watu wanakunywa. Hakuna aliyevuka mpaka. Kasiksi haina haja ya hopsi kwa kuwa haingoji: inanywewa ikiwa bado hai, na ikianza kuwa chachu imeshakwisha. Bia yako itangoja wiki tatu katika joto ambalo bakteria wa uchachu wanalipenda mno. Uchungu wa hopsi huwazuia wengi wao. Mtawa Hildegard wa Bingen aliliandika jambo hilo Ujerumani katika karne ya 12, kwamba uchungu wa hopsi huvifanya vinywaji vidumu. Baadaye Waingereza, akiwamo George Hodgson wa Bow pale London, walipeleka Uhindi bia zilizojaa hopsi, katika meli zilizozunguka Afrika na ambazo mara nyingi zilitia nanga Anzwani, Komoro, kuchukua maji na chakula. Bia ya aina hii ilishapita katika bahari yetu kabla ya kufika ziwani kwako. Mweleze mama wa kasiksi hayo, na umnunulie glasi. Anajua mengi kuhusu uchachu ambayo hayamo katika karatasi yoyote.

Kuhusu maji, nakuomba unisikie vizuri. Maji ya Ziwa Edward yana pH karibu na 9 na yamejaa magadi. Ukipika nayo bia ya dhahabu, yatavuta ukakasi wa maganda ya kimea, na uchungu wa hopsi utakuwa wa kukwaruza koo, wa kung'ang'ania nyuma ya ulimi. Watu watasema hopsi zimezidi, na utapunguza gramu bure msimu baada ya msimu. Zaidi ya hayo, ni maji ambayo kipindupindu kimewahi kuyapitia. Yatumie kupoza sufuria kwa nje. Ndani tia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati safi baada ya mvua ya kwanza kuosha paa. Kama uko upande wa Goma, chini ya moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, hata mvua ina neno lake: moshi huo huitia asidi na floridi, na meno ya watoto wa vijiji vya huko yamekwisha onyesha hivyo. Huko tafuta maji mengine.

Maji ya mvua ni laini kupita kiasi, hayana kitu. Ongeza jasi, lakini ile ya chakula, ya mafundi ujenzi waachie wenyewe. Gramu 5 katika lita 20 hukupa kalsiamu karibu miligramu 60 na salfeti karibu 140 kwa lita. Hicho ndicho ambacho wapishi wa Burton-on-Trent, Uingereza, walikipata bure kutoka ardhini, na ndicho kilichofanya hopsi zao zisikike wazi, bila kukwaruza.

Moto ukizimwa ndipo mpango wa harufu unapoanza, na ndipo wapishi wengi wa kwetu wanapopoteza kila kitu kwa haraka. Wanazima, wanamwaga hopsi zote papo hapo, wanakaa. Sufuria ya lita 20 isiyo na mtambo wa kupozea hukaa juu ya nyuzi 90 kwa muda mrefu, hopsi inaendelea kutoa uchungu usioupanga, na mafuta ya harufu yanapaa. Wewe zima, ingiza sufuria katika beseni kubwa la maji ya ziwa, koroga taratibu, ngoja hadi kipimajoto kisome 80. Hapo tia gramu 60 za Cascade. Funika sasa, ndiyo, sasa mfuniko wa mama mkwe umepata saa yake. Acha dakika 20. Utaongeza vizio 7 hivi vya uchungu, jumla upate karibu 47, na harufu kubwa itabaki ndani. Kutokota kwenye nyuzi 97, kulikokuibia uchungu mwanzoni, sasa kunakufaa, kwa kuwa sufuria ina safari fupi zaidi ya kushuka.

Kisha poza hadi nyuzi 35, usihangaike kushuka zaidi. Karatasi ya Oregon ingekutaka ufike 19, joto ambalo Vitshumbi hulipati ndani ya ndoo hata usiku wa manane, na hamira yao ya kawaida ikifanya kazi kwenye nyuzi 30 hutoa ladha kali za kichwa kuuma. Tafuta kveik, hamira ambayo wakulima wa Norwe waliitunza kizazi kwa kizazi, hasa ile ya Voss. Hiyo hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 35 hadi karibu 40, humaliza baada ya siku chache, na huacha harufu ya chungwa inayokaa vizuri na Cascade. Hustahimili kukaushwa, kwa hiyo safari haiisumbui. Ukiipata mara moja, kausha mashapo yake juu ya karatasi safi na ugawie wenzako. Joto la ziwa, ambalo wapishi wengi wanalilia, hapa limekuwa mfanyakazi wako.

Povu likitulia, na haidromita ikisoma namba ileile siku mbili mfululizo, tia gramu 80 za Cascade zilizobaki moja kwa moja katika ndoo ya kuchachia, bila kupika. Hizo ndizo gramu za kukatiwa nafasi kwanza kabisa unapopanga kuanzia mwisho, kabla ya Magnum, kabla ya makaa. Siku tatu tu. Kwa joto lako, siku ya tano ladha ya majani mabichi huanza kuingia. Ndoo ifunuliwe mara moja na ifungwe upesi, kwa kuwa hewa huiua harufu kuliko kitu chochote ulichofanya hadi hapo. Shemeji anayetaka kuchungulia achungulie chupa.

Na usiharakie kujaza chupa. Hopsi iliyotiwa bila kupikwa ina vimeng'enya vinavyovunja sukari ambazo hamira ilishindwa kuzila. Hamira inaamka tena, gesi inaongezeka, na chupa iliyofungwa mapema hupasuka. Pima tena baada ya hopsi kutolewa, na namba ikiwa inashuka, ngoja. Inapotulia, yeyusha gramu 120 za sukari katika maji ya moto kidogo, yapoe, changanya na lita zote 20, kisha jaza.

Chupa ziwe za kahawia. Mwanga wa jua hugeuza uchungu wa hopsi kuwa uvundo ndani ya dakika chache, na kioo cha kijani au cheupe hakizuii. Chupa za Primus za sentilita 72 zinafaa sana. Utahitaji kama 25, maana hopsi itakunywa sehemu yake. Juni 2025 Heineken, wakati huo wenye Bralima, kampuni inayotengeneza Primus, walitangaza kwamba wamepoteza udhibiti wa mali zao za Bukavu na Goma na kuwaondoa wafanyakazi wao, kwa hiyo chupa tupu imekuwa mali. Zikusanye, zioshe kwa maji ya moto siku hiyohiyo zinapomalizwa, na uliyemchukulia umrudishie ikiwa imejaa. Hiyo ndiyo amana inayoeleweka hapa.

Weka chupa mahali penye giza kwa wiki mbili. Halafu zinywewe ndani ya mwezi, pamoja na tilapia wa kuchoma, pilipili na ndizi. Usizitunze kwa ajili ya harusi ya mwakani. Kwa joto la Vitshumbi Cascade haitahudhuria.

Andika katika daftari mambo matatu: makaa uliyochoma, gramu ulizotia, na alichosema mtu wa kwanza kuonja kabla hajajua ni ya nani. Mpiko unaofuata badilisha kitu kimoja tu. Harufu ikipungua, chukulia kwanza Cascade yako imezeeka njiani, ubadilishe njia kabla ya kubadilisha gramu. Uchungu ukipungua, ongeza gramu 5 za Magnum, na zile dakika 40 uziache zilivyo.